Star Wars tatu za mwanzo: nimeziangalia ukubwani, na masikio ndiyo yaliyofaidi

Kama hujawahi kuziangalia Star Wars tatu za mwanzo na una sabufa nyumbani, iunganishe na runinga kabla hujagusa kitu kingine. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wote walionisimulia filamu hizi walinisimulia mapanga ya mwanga, ndege za vita na yule jamaa mwenye kofia nyeusi. Hakuna hata mmoja aliyenigusia habari ya sauti. Sasa nimemaliza kuziangalia zote tatu, sebuleni kwangu, na mke wangu na watoto, na kilichonishika kuliko vyote kiliingilia masikioni.

Tuelewane kwanza ni filamu zipi. Nazungumzia ile ya 1977 iliyoongozwa na George Lucas mwenyewe, The Empire Strikes Back ya 1980 iliyoongozwa na Irvin Kershner, na Return of the Jedi ya 1983 iliyoongozwa na Richard Marquand. Ukinunua seti utakuta zimeandikwa sehemu ya nne, ya tano na ya sita, na kuna watu watakaokwambia uanze na sehemu ya kwanza. Usiwasikilize. Sehemu ya kwanza hadi ya tatu zilitengenezwa baadaye sana, 1999, 2002 na 2005, na zinakupa mkononi majibu ya maswali ambayo hizi za zamani zinataka ulale nayo. Hata jina la "sehemu ya nne" halikuwepo filamu ilipotoka 1977. Liliongezwa iliporudishwa kwenye majumba ya sinema 1981. Fuata miaka ya kutoka, basi.

Kwa nini sauti inishike hivi? Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulizoea muvi zilizotafsiriwa. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na nawaheshimu wote, maana bila watu kama wao wengi wetu tungebaki tunatazama midomo tu. Lakini mtafsiri akizungumza, sauti ya filamu inashushwa. Muziki unakatika, upepo unakatika, hatua za adui anayenyata zinakatika. Nimeangalia muvi nyingi sana za stelingi na adui kwa njia hiyo na nikazipenda, ila sikuwahi kukaa nikajiuliza mlio fulani umetoka wapi. Hizi zimenifanya nijiulize kila baada ya dakika chache.

Ile ya 1977 inaanza na maandishi ya njano yanayopanda na kupotelea gizani, nikawa nawasomea watoto kwa Kiswahili haraka haraka. Maandishi yakaisha. Chombo kidogo kikapita juu kikikimbia, na nyuma yake kikaja kikubwa ambacho tumbo lake halikwishi. Linapita, linaendelea kupita, unadhani sasa limefika mwisho, bado, na mngurumo unapita pamoja nalo hadi vikombe vya kabatini vikaanza kugongana. Hapo hujamjua mtu yeyote wala hujui nani anagombana na nani, lakini tayari umeshaelewa mnyonge ni nani. Nimesoma baadaye kwamba filamu hiyo ilisukuma sana kuenea kwa mitambo ya Dolby Stereo kwenye majumba ya sinema, na kwamba kopi zake za milimita 70 zilitengewa njia maalumu ya sauti nzito peke yake. Sabufa yangu, kumbe, ilikuwa inafanya kazi iliyokusudiwa tangu siku ya kwanza.

Binti yangu mkubwa anasoma fizikia sekondari, akanikumbusha kwamba angani hakuna hewa na pasipo hewa hakuna sauti. Ni kweli tupu. Anayetaka sayansi ya kweli kweli atafute filamu nyingine, kwa sababu hapa vyombo vinanguruma, vinalia na kulipuka kwa kishindo palepale pasipo hewa. Mimi sikuona shida. Hii ni hadithi ya mashujaa na mfalme dhalimu iliyopelekwa kwenye nyota, na hadithi za namna hiyo tangu zamani zina ngoma zake.

Aliyezipiga ngoma hizo anaitwa Ben Burtt. Nimetafuta habari zake usiku baada ya watoto kulala, na nilichokipata kimenifanya nizirudie filamu upya. Lucas hakutaka milio ya mashine za kutengeneza sauti. Alitaka dunia yake isikike kama kitu kilichotumika, kilichochubuka, chenye vumbi na kutu, kama inavyoonekana. Burtt akazunguka na kinasa sauti. Upanga wa mwanga, ule mvumo unaousikia hata kabla ya pigo, ni mota ya projekta kuukuu ya filamu iliyochanganywa na mnuno wa runinga uliodakwa na maikrofoni iliyopitishwa karibu nayo. Ili upanga usikike ukipita hewani, aliupiga ule mvumo kwenye spika, kisha akaipunga maikrofoni mbele ya spika hiyo kama anayecheza upanga. Jaribu kuusikiliza tena ukiwa unajua hivyo. Mtu anapozungusha upanga, mlio unapanda na kushuka kwa sababu kweli kuna mkono wa mtu uliopita pale.

Mlio wa bunduki zao ni nyundo iliyopigwa kwenye waya mnene unaoshikilia mnara wa redio. Vile vindege vya adui, vyenye mabawa bapa, vinapopita kwa kelele ya kutisha, ndani yake mna mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita kwenye lami yenye maji. Nakaa Arusha, nimesikia tembo wakilia mbugani, na bado sikumtambua hadi niliposoma. Chewbacca, yule mwenye manyoya kutoka kichwani hadi miguuni, sauti yake ni ya dubu hasa, na vipande vya wanyama wengine. Yule roboti mfupi R2-D2, anayelia kwa filimbi na miluzi, ni mashine iliyochanganywa na sauti za mdomo wa Burtt mwenyewe, ndiyo maana akilalamika unaona huruma ingawa hana hata jicho la kukutazama vizuri. Filamu ya 1977 ilipata Oscar 6 za kushindaniwa, na Burtt akapewa tuzo yake maalumu pembeni. Alistahili.

Kisha kuna pumzi ya Darth Vader, yule jamaa mwenye kofia nyeusi. Burtt aliingiza maikrofoni ndogo kwenye kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi na akapumua. Ndiyo hiyo tu. Lakini angalia inavyotumika: Vader hahitaji kuonekana. Kwenye korido yenye moshi unaisikia pumzi kwanza, watu wanaacha kuzungumza, ndipo kivuli kinaingia. Mtoto wangu wa mwisho aliacha kutafuna kila ilipoanza.

Mwili ndani ya vazi lile ni wa David Prowse, Mwingereza mrefu aliyekuwa mbeba vyuma. Sauti ni ya James Earl Jones, Mmarekani mweusi, ambaye kwenye filamu mbili za mwanzo aliomba jina lake lisiandikwe. Watoto wangu walimtambua upesi kuliko mimi, maana ndiye Mufasa wa The Lion King ya 1994. Kwao lilikuwa jambo gumu kidogo, sauti ya baba mwema kutoka kwenye mdomo wa jitu katili, na nadhani bila kutaka liliwaandaa vizuri kwa filamu ya pili.

Sasa upande wa kulalamika kuhusu ile ya kwanza. Ikishaanza kwa kishindo, inatulia mno. Roboti wawili wanatangatanga jangwani, wanakamatwa, wanauzwa, wanatoroka, na Luke Skywalker, stelingi mwenyewe, anakuja kuonekana baada ya muda mrefu. Mke wangu alikwenda kulala. Mimi nilibaki kwa sababu ya mahali penyewe. Lile jangwa liko barani kwetu, kusini mwa Tunisia. Hata jina la sayari, Tatooine, limetoka kwenye mji wa huko uitwao Tataouine. Nyumba anayoishi Luke na mjomba wake, ile iliyochimbwa ardhini yenye uwanja wa duara katikati, ni hoteli ya Sidi Driss iliyoko Matmata, kwenye makazi ya Waamazighi ambao wamechimba nyumba za namna hiyo miaka mingi ili kuukimbia ukali wa jua. Hivyo hiyo "sayari ya mbali" ni kwa watu, wana majirani na wana mazao yao. Kile kipande ambapo Luke anatoka nje jioni na kutazama jua mbili zikizama, bila kusema neno, na muziki wa John Williams unanyanyuka polepole, nimekirudia mara nyingi kuliko vita vyote. Kijana yuko shamba, wenzake wameondoka, yeye amezuiwa hadi mavuno yapite. Vijana wetu wengi wanaijua jioni hiyo.

The Empire Strikes Back ndiyo bora kati ya tatu, na sioni ya pili yake ilipo. Kila kitu kimekua. Inaanza kwenye barafu, iliyopigwa picha Finse huko Norway, ambako dhoruba ya theluji ilikuwa kali kiasi kwamba baadhi ya picha zilichukuliwa kutoka mlangoni mwa hoteli waliyofikia, Mark Hamill, anayeigiza Luke, akiwa nje anahangaika na theluji ya kweli. Inaonekana, na inasikika pia. Ule upepo ukitoka kwenye spika, tulivuta mashuka.

Hapa ndipo unapoingia muziki wa Vader, ule mzito wa kijeshi ambao umeshausikia kwenye simu za watu na kwenye matangazo. Nilidhani upo tangu mwanzo. Haumo kabisa kwenye ile ya 1977. Williams aliuandika kwa ajili ya hii ya pili. Ukifuata mpangilio wa miaka unaupata ukiwa mpya, mahali pake, na unaelewa kwa nini ulienea duniani kote.

Halafu kuna Yoda, mwalimu mzee wa Luke. Nilijua kwamba ni kikaragosi, mkono wa Frank Oz uko ndani, na nilijiandaa kuona kitu cha kitoto. Tazama masikio yake. Luke anaposhindwa kuiinua ndege yake kutoka kwenye kinamasi na kuondoka amekata tamaa, masikio ya yule mzee yanashuka kidogo tu, na kichwa kinainama. Hakuna neno. Nimeona waigizaji wenye nyuso nzima wakishindwa kufanya hivyo.

Anayetaka kuangalia bila kujua siri aruke aya hii. Siri yenyewe mimi nilikuwa naijua miaka yote, kama nusu ya dunia inavyoijua: Vader ni baba yake Luke. Wakati wa kupiga picha ilifichwa sana; Prowse alipewa maneno mengine ya kusema, na Hamill aliambiwa ukweli muda mfupi kabla. Nikadhani kwangu haitabaki na nguvu. Ilibaki nayo. Luke amening'inia juu ya shimo lisilo na mwisho, mkono wa kulia umekatwa, upepo unavuma hadi unameza maneno, na yule aliyemkata mkono sasa anamnyooshea wa kwake na kumwita wakatawale pamoja. Sikujali tena kwamba jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nautazama uso wa kijana anayesikia. Anachagua kujiachia aanguke. Kwenye vibanda tulizoea kuambiana stelingi hafi, na kweli hafi, lakini filamu inaisha akiwa ameshindwa, rafiki yake Han Solo amegandishwa na kuchukuliwa, hakuna sherehe. Watoto waligoma kulala, wakadai ya tatu iwekwe usiku uleule.

Ya tatu ina kasoro zaidi ya zote. Viumbe wadogo wa msituni, Ewok, wanachukua muda mwingi, na siamini hata kidogo kwamba jeshi lililoteketeza sayari nzima linaweza kuzidiwa na mishale na magogo. Princess Leia, ambaye kwenye mbili za kwanza anatoa amri na kupiga risasi kuliko wanaume, anafungwa mnyororo na kuvalishwa nusu uchi mbele ya jitu liitwalo Jabba. Ni yeye mwenyewe anayelinyonga kwa mnyororo uleule, na nilifurahi, lakini kipande kile mbele ya mabinti zangu hakikunipendeza. Mbali na yeye, wanawake wanaozungumza katika filamu zote tatu ni wachache mno.

Lakini ni filamu hiyohiyo iliyomtoa mke wangu jikoni. Karibu na mwisho, Lando Calrissian anaongoza chombo kwenda vitani, na msaidizi wake kwenye kiti cha pembeni ni kiumbe mwenye mashavu manene yanayoning'inia na macho makubwa meusi, anaitwa Nien Nunb. Akafungua mdomo, akasema maneno yake. Mke wangu ni mzaliwa wa Nyeri. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Wambui, umeweka nini hapo? Mbona nasikia mtu anaongea Kikuyu?"

Nikarudisha nyuma. Akasikiliza amesimama, akaniomba rimoti, akarudisha mwenyewe. "Anawaita watu walioko kule waje hapa wote," akasema. "Kikuyu safi kabisa, kama mtu yuko nje ya duka."

Ni Kikuyu kweli. Anayesikika ni Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati huo, na Burtt alimwita aje kuzungumza lugha ya nyumbani mbele ya maikrofoni. Jina ni la Kikalenjini na lugha ni Kikuyu, jambo ambalo kwa Mkenya halishangazi. Lando anamjibu kama aliyeelewa, ingawa ukielewa Kikuyu unajua kwamba maneno hayaendani na vita vinavyoendelea. Burtt alifanya hivyo na lugha nyingine pia; ile ya kiumbe aitwaye Greedo kwenye filamu ya kwanza imechotwa kwenye Kikechua cha Amerika Kusini.

Nimelifikiria sana hili. Mke wangu alifurahi waziwazi, akawapigia ndugu zake simu papo hapo, na furaha yake nailinda. Ila kuna kitu kinanikwaza: lugha ambayo watu wanaombolezea na kuposea iliwekwa pale kwa sababu mtazamaji aliyekusudiwa asingeielewa, iwe kelele ya kiumbe wa ajabu. Angalau Rotich hakubadilishwa wala kufunikwa. Ilipotengenezwa The Force Awakens ya 2015 na Nien Nunb akarudi, ni yeye aliyeitwa tena.

Sasa kuhusu nakala. Diski nilizonunua picha yake ni safi, nyota zinang'aa, sauti haina mkwaruzo. Lakini fahamu kwamba hizi si filamu zilezile zilizoonyeshwa 1977, 1980 na 1983. Lucas alizirekebisha 1997, akaongeza wanyama na magari ya kompyuta, kisha akaendelea kuzigusa 2004 na 2011. Mengi ni madogo, ingawa vitu vya kompyuta vinajitambulisha upesi pembeni ya vile vilivyofinyangwa kwa mikono. Wimbo wa kwenye jumba la Jabba ulibadilishwa ukawa makelele.

Badiliko lisilovumilika kwangu ni la 2011. Mwishoni kabisa Mfalme anamtesa Luke kwa radi, Luke anamlilia baba yake, na Vader amesimama katikati akitazama huku na huku. Uso hauonekani, kofia haina macho. Mwanzoni hakusema kitu. Radi, kilio cha kijana, kichwa cheusi kikigeuka upande mmoja na mwingine, kisha anamnyanyua Mfalme na kumtupa. Nakala ya sasa imemwekea ukelele wa "hapana" mara mbili. Nilitafuta kipande cha zamani nikakilinganisha, na tofauti ni ya kuumiza: ukimya ule ulikuwa unakuachia wewe usikie baba akiamua. Filamu zilizojengwa na watu wanaojua sauti kiasi kile zilistahili kuachiwa ukimya wao. Ukitaka za asili, zilitolewa kwenye DVD za 2006 kama diski za nyongeza. Picha yake ni hafifu, lakini Vader ananyamaza.

Kwa wenye watoto: damu ni kidogo, ila kuna maiti mbili zilizoungua mapema kwenye ya kwanza, mkono unaokatwa kwenye baa, na kugandishwa kwa Han Solo ambako kulimliza mtoto wangu wa mwisho. Kiingereza chake si kigumu, na maandishi ya chini yanasaidia. Mimi nilitafsiri kwa sauti pale palipohitajika tu, kisha nikanyamaza, hasa Vader akiwa anakuja.

Ya kwanza naipa 8 kati ya 10, ya pili 10, ya tatu 7, na dakika zile za kiti cha pembeni mke wangu anazipa zote. Ameshaulizia ile ya 2015 dukani, nami nimemwomba tuiweke kiporo hadi watoto wafunge shule.